Bruce McLaren: Mtoto mchechemeaji aliyejenga gari lake akashinda nalo dunia



Sisi tuliokulia Shimoni kabla ya simu za mkononi kuingia tulikuwa na magari yetu. Waya tuliokota, bodi tukaikata kwa kopo la mafuta ya kupikia, magurudumu tukayachonga kwa ndara zilizoletwa na maji ufuoni. Usukani ulikuwa kijiti kirefu, nawe ukilisukuma mbio kutoka gatini hadi kwenye mapango huku mdomo ndio injini. Mwenzetu aliyenunuliwa gari la plastiki Mombasa tulimwonea wivu siku moja tu. Siku ya pili limevunjika, naye anatubembeleza tumwachie la waya azunguke nalo mara moja.

Kuna furaha ambayo dukani haiuzwi, nayo ni ya kuendesha kitu ulichokiunda kwa mikono yako. Wengi wetu tuliiacha pale pale utotoni. Leo nataka nikusimulie maisha ya mtu aliyeibeba furaha hiyo hadi ukubwani, ikamfikisha kileleni, na mwisho ikamtoa uhai. Jina lake ni Bruce McLaren. Vijana wanaofuatilia mbio za langalanga wanalijua jina McLaren kama jina la gari. Wachache wanajua kwamba lilikuwa jina la mtu, tena mtu aliyekuwa akichechemea.

Alizaliwa tarehe 30 Agosti 1937 katika mji wa Auckland, Nyuzilandi. Baba yake, Les, alikuwa na kituo cha mafuta na gereji katika mtaa wa Remuera. Mtoto alikua kati ya harufu ya petroli na kelele za spana, kama mtoto wa mvuvi wa hapa kwetu anavyokua kati ya nyavu na harufu ya samaki.

Alipofika umri wa miaka tisa akaanza kuumwa nyonga. Waganga wakagundua ni maradhi yanayoitwa Perthes. Katika maradhi hayo damu haifiki vizuri kwenye kichwa cha mfupa wa paja, na mfupa hulegea na kumomonyoka. Tiba ya zama zile ilikuwa kumlaza mtoto amefungwa miguu, asisimame wala kutembea. Bruce alilazwa hivyo takriban miaka miwili katika nyumba ya watoto wenye ulemavu, wenzake wakicheza mpira nje. Alipoinuka, mguu wake wa kushoto ulikuwa mfupi kuliko wa kulia. Alichechemea hadi siku ya kufa kwake.

Hapa nisimame kidogo, maana jambo hili liko majumbani mwetu. Mtoto akianza kuchechemea bila ya kuanguka, wapo wanaosema kakanyaga uchawi, wengine wanasema ni mashetani, na kabla hajafikishwa Msambweni hospitalini keshapitishwa kwa waganga watatu. Na akibaki na kilema, anafichwa chumbani wageni wasimwone. Baba yake Bruce hakumficha. Alimrudisha gerejini.

Les alikuwa amenunua gari dogo kuukuu aina ya Austin 7 Ulster la mwaka 1929. Halikuja likiendeshwa. Lilikuja vipande vipande, baadhi yake ndani ya masanduku. Nia ya mzee ilikuwa kulitengeneza aliuze apate faida. Kijana akaliona, akaanza kumbembeleza baba yake asiliuze. Mzee akakubali, kwa sharti ambalo halikuandikwa popote lakini kila fundi analifahamu: ukilitaka, lifanyie kazi. Wakalishughulikia baba na mwana mwezi baada ya mwezi, kila kipande kikifunguliwa, kikasafishwa na kurudishwa mahali pake.

Kabla hajatimiza miaka 16, Bruce alikuwa tayari ameshiriki nalo mashindano ya kupanda mlima kwa gari huko Muriwai. Kijana ambaye miaka michache nyuma alikuwa haruhusiwi hata kukaa kitako, sasa amekaa nyuma ya usukani wa gari ambalo kila nati yake aliikaza yeye. Kwenye gari mguu mfupi hauna aibu. Ndani ya gari wote tumekaa.

Alisomea uhandisi katika chuo kikuu cha Auckland, lakini mbio zilimvuta. Mwaka 1958 chama cha mbio za magari cha nchi yake kilianzisha mpango wa kumpeleka Ulaya dereva kijana mwenye kipaji, na Bruce ndiye aliyechaguliwa kwanza. Akaajiriwa na kampuni ya Cooper ya Uingereza, akisaidiwa na Jack Brabham wa Australia ambaye alikuwa kama kaka yake mkubwa katika mchezo huo. Tarehe 12 Disemba 1959, huko Sebring, Marekani, Brabham aliyekuwa akiongoza aliishiwa mafuta karibu na mwisho. Bruce akampita akashinda, naye Brabham akashuka na kulisukuma gari lake kwa mikono hadi kwenye mstari. Bruce alikuwa na miaka 22 tu, miongoni mwa vijana wadogo kabisa waliowahi kushinda mbio za daraja lile.

Mtu mwingine angetosheka. Mshahara upo, jina lipo, magari mazuri unapewa. Lakini Bruce alikuwa na kiu ya gerejini. Gari la kupewa, hata likiwa zuri namna gani, lina siri ambazo dereva hazijui. Mwaka 1963 akaanzisha kampuni yake mwenyewe. Usidhani ilianza kwenye jumba la vioo. Karakana yake ya kwanza ilikuwa banda lenye sakafu ya udongo huko New Malden, pembezoni mwa London. Vijana wa jua kali wa Ukunda na Lunga Lunga wangeingia mle wangejiona wako nyumbani.

Mwaka 1964 likatoka gari la kwanza la michezo lililobuniwa na kujengwa na kampuni yake. Mwaka 1966 alipeleka Monaco gari lake la kwanza la langalanga. Mafundi wa vyombo wa hapa kwetu watafurahi kusikia kwamba bodi yake ilikuwa na mbao ndani yake: mbao nyepesi sana iitwayo balsa, iliyobanwa katikati ya mabamba mawili ya alumini ili iwe imara bila ya kuwa nzito. Hata hivyo mbao haikumpa ushindi. Injini ilikuwa na kelele nyingi na nguvu kidogo, na siku hiyo gari lilivuja mafuta, akaacha mbio njiani. Mwaka huo huo aliwaendeshea Ford na akashinda mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa, yeye na Mnyuzilandi mwenzake Chris Amon. Kwa hiyo angalia: kwa gari la tajiri alishinda mbio kubwa kuliko zote za ustahimilivu, na kwa gari lake mwenyewe alishindwa. Bado akarudi bandani kwake.

Subira huvuta heri. Tarehe 9 Juni 1968, katika barabara za Spa, Ubelgiji, alivuka mstari akidhani amekuwa wa pili. Kumbe Jackie Stewart aliyekuwa mbele alikuwa ameishiwa mafuta na kulazimika kuingia kuongeza. Bruce alisimamisha gari bila ya kujua kwamba ameshinda, hadi alipoambiwa. Ulikuwa ushindi wa kwanza wa langalanga wa gari la McLaren, na aliyeuleta ni McLaren mwenyewe. Watu waliowahi kushinda mbio za daraja hilo ndani ya gari lenye jina lao ni wa kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na hata vidole hivyo vinabaki.

Huko Amerika ya Kaskazini nako kulikuwa na mashindano ya magari makubwa ya michezo yaliyoitwa Can-Am, yenye fedha nyingi na masharti machache. Bruce alikuwa bingwa mwaka 1967, mwaka uliofuata akawa Denny Hulme, dereva mwenzake kutoka nchi moja. Mwaka 1969 magari yao ya rangi ya machungwa yalishinda mbio zote 11 za msimu, na Bruce akawa bingwa tena.

Lakini jambo linalonigusa zaidi katika maisha yake halina kombe. Katika siku zake za mwisho alikuwa amejenga gari moja la michezo la kutembelea, lililotokana na lile la mashindano lakini lenye paa na nambari ya usajili. Akawa analiendesha mwenyewe katika barabara za kawaida za Uingereza, akipishana na mabasi na malori, akisikiliza wapi panagonga na wapi pana joto. Alitaka siku moja awauzie watu wengine. Waswahili tunasema mfinyanzi hulia gaeni. Nyumba ya seremala kiti kimevunjika, na gari la makanika limewekwa juu ya mawe mwaka wa tatu. Bruce alikataa kulia gaeni. Chungu kizuri alichokifinyanga, alikila yeye kwanza.

Na hapo ndipo penye uchungu wa kisa hiki. Tarehe 2 Juni 1970 alikwenda kwenye uwanja wa Goodwood, kusini mwa Uingereza, kulijaribu gari jipya la Can-Am kabla ya msimu kuanza. Hapakuwa na watazamaji wala zawadi. Ilikuwa ni kazi ya kukaza na kulegeza, kuzunguka na kurudi. Akiwa katika mwendo wa kasi, kipande cha bodi cha nyuma kiling'oka. Gari likakosa kile kinacholigandamiza barabarani, likayumba na kugonga kizuizi. Alifariki papo hapo, umri miaka 32. Aliacha mke, Patty, na binti mdogo, Amanda.

Siku kumi na mbili baadaye timu yake ilikuwa Canada ikishindana. Hulme aliendesha na mikono yenye majeraha ya moto aliyoyapata Indianapolis, na Dan Gurney aliyechukua nafasi ya Bruce akashinda mbio hizo. Msimu ule walishinda mbio 9 kati ya 10. Kampuni iliyoanzia kwenye sakafu ya udongo ikaendelea hadi ikatoa ubingwa wa dunia wa akina Fittipaldi, Senna na Lewis Hamilton, na mwaka 2024 ikawa tena bingwa wa watengenezaji.

Msomaji utaniuliza: je, furaha ile ilistahili? Mke amebaki mjane na mtoto yatima kwa sababu ya gari. Mimi sina jibu jepesi. Sisi tunaamini ajali ina siku yake na roho ina muda wake. Tunaamini pia kwamba mtu haruhusiwi kuichezea roho aliyopewa amana. Sitamwambia kijana yeyote aige kasi yake, hasa tukikumbuka ni vijana wangapi wa boda boda tuliowazika katika barabara ya Lunga Lunga.

Lakini nikimtazama vizuri, naona hakufa kwa mchezo. Alikufa akijaribu kazi ya mikono yake kabla hajamkabidhi mtu mwingine. Fundi wa mashua wa Shimoni au Vanga akimaliza kukalafati na chombo kikashuliwa, mtu wa kwanza kupanda ni yeye. Anakaa ndani anasikiliza mbao, anatia mkono chini kuona kama maji yanaingia. Haoni kuwa ni sawa kumpeleka mwenzake Wasini kwa chombo ambacho yeye mwenyewe anakiogopa. Laiti kila anayechomelea breki za matatu au kufunga gurudumu la tuktuk angelazimika kuwa abiria wa kwanza, wake na wanawe wakiwa kiti cha nyuma.

Jambo la pili ni la wazazi. Tunaye kijana mtaani, anafungua pikipiki na kuifunga usiku na mchana, mikono haitoki grisi. Tunamwita aliyeshindwa na shule. Les McLaren angeliweza kuuza ile Austin akapata faida yake, na mwanawe akabaki kumbukumbu ya mtoto mgonjwa. Aliacha faida akampa mwanawe masanduku ya vyuma vikuukuu na muda wake wa jioni. Hakutoa mali nyingi. Alitoa idhini.

Jumamosi iliyopita nilimwona mtoto wa jirani akisukuma gari la waya kuelekea gatini. Magurudumu bado ni ya ndara. Amelitia taa, balbu ndogo iliyotoka kwenye tochi mbovu, na inawaka. Nilimuuliza nani amemfungia. Akanitazama kama niliyemtukana. Amefunga mwenyewe.

Wabillahi tawfiq.