Williamson wa Mwadui hakuipata almasi kwa taa

Jiwe likiletwa nyumbani Bugolobi, Kampala, njia rahisi ni kuzima taa na kulimulika kwa ile ya zambarau ya kukagulia noti bandia. Likiwaka buluu, muuzaji husema ni almasi. Kumbe takribani theluthi moja tu ya almasi huwaka hivyo, na yapo mawe mengine yanayowaka. Lisilowaka linaweza kuwa la kweli.

John Williamson, mjiolojia wa Kanada aliyezaliwa 1907, aliufuata mwamba wenyewe. Alizunguka Tanganyika miaka mingi, mfuko ukikauka, akisaidiwa fedha na mwanasheria wa Mwanza, I. C. Chopra, ambaye baadaye alipata hisa. Mwaka 1940 akagundua Mwadui, Shinyanga. Utajiri ulikuja, lakini alibaki kuishi mgodini, hana mke wala mtoto.

Almasi ya waridi ya karati 54.5, iliyopatikana 1947, alimzawadia Binti Mfalme Elizabeth. De Beers hawakuupata mgodi wake akiwa hai. Alifariki Januari 1958 akiwa na miaka 50, na mwaka huohuo warithi wakauza mgodi: nusu kwa De Beers, nusu kwa serikali ya Tanganyika.