Roderick Murchison, askari aliyesoma umri wa mawe

Mchimbaji yeyote anajua uchungu wa shimo lisilotoa kitu. Kule Uingereza, miaka ya 1830, kuna watu waliomaliza feza zao kwa kutafuta makaa ya mawe mahali hayawezi kupatikana, juu tu jiwe la pale lilikuwa jeusi. Roderick Murchison alijaribu kuwaonyesha kwamba rangi haitoshi: lazima kujua umri wa jiwe.

Alizaliwa Scotland tarehe 19 Februari 1792. Akiwa kijana mdogo alipigana vita kule Ureno na Hispania. Kisha kuacha jeshi, alipenda tu kuwinda na farasi. Bibi yake, Charlotte, ndiye alimvuta kwa masomo.

Katika mwaka wa 1834, mtaalamu De la Beche alitangaza kwamba jimbo la Devon liko na mimea ya wakati wa makaa ndani ya mawe ya zamani zaidi. Murchison alikataa. Kama ile ilikuwa kweli, hakuna mtu angejua tena wapi pa kuchimba na wapi pa kuacha. Mwaka wa 1836 alienda Devon na rafiki yake Adam Sedgwick. Waliona kwamba ile mimea iko katika tabaka za juu, za wakati wa makaa kabisa.

Lakini mawe ya chini yaliwashangaza. Yalijaa matumbawe na makombe ya bahari. William Lonsdale, aliyechunguza yale matumbawe, alisema umri wao ni wa katikati: si wa zamani kama yale ya Silurian, si wa karibuni kama ya makaa. Njo maana mwaka wa 1839 Murchison na Sedgwick walitoa jina la Devonian.

Leo inajulikana kwamba kipindi kile kilianza miaka karibu milioni 419 iliyopita, kikaisha miaka karibu milioni 359 iliyopita. Devon ilikuwa chini ya bahari ya joto, isiyo na kina kirefu, upande wa kusini wa ikweta. Scotland ilikuwa na mito na maziwa yenye samaki wa magamba magumu kama ngao. Namna gani kujua kama ni wakati mmoja? Mwaka wa 1840, Murchison alikuta kule Urusi samaki wale na makombe yale pamoja. Mabishano yakaisha.

Na Sedgwick, urafiki ulivunjika juu ya mpaka wa tabaka zingine. Hawakupatana tena.

Murchison aliongoza pia shirika la jiografia la London, na alimuunga mkono Livingstone, ambaye mwaka wa 1871 alifika Nyangwe, kando ya Lualaba. Watu waliposema Livingstone amekufa, yeye alikataa. Alikuwa na haki, lakini alikufa tarehe 22 Oktoba 1871, mbele habari haijafika Ulaya.

Jina lake limebaki kwa maporomoko ya Nile kule Uganda. Kazi yake inabaki kwa kila mtu anayeuliza umri wa jiwe mbele ya kutoa feza ya kuchimba.