Irene Stefani: Mtawa aliyelitaja jina la Mungu kwa unyenyekevu

RURING'U, viungani mwa mji wa Nyeri, ni mahali ambapo Mlima Kenya huonekana wazi alfajiri kabla mawingu hayajaufunika. Tangu jadi, wazee wa jamii ya Agikuyu waliuelekea mlima huo, ambao wao huuita Kirinyaga, walipotaka kulitamka jina la Ngai.

Katika uwanja wa Ruring'u ndipo wapiganaji wa Mau Mau walipokusanyika Desemba 1963 walipotoka msituni, baada ya miaka mingi ya viapo vilivyoapwa kwa jina lilo hilo.

Hata hivyo, zaidi ya miaka 40 kabla ya siku hiyo, jina hilo lilikuwa limezoeleka midomoni mwa mtawa mmoja mgeni aliyevuka mabonde ya Nyeri kwa miguu. Huyo alikuwa Sista Irene Stefani, ambaye wenyeji walimbandika jina la Nyaatha, yaani mama mwenye huruma.

Alizaliwa Agosti 22, 1891, katika kijiji cha Anfo, kaskazini mwa Italia, akabatizwa kwa jina la Aurelia Mercede. Mwaka wa 1911 alijiunga na shirika la masista wa Consolata ambalo Padri Giuseppe Allamano alikuwa ameliunda mwaka mmoja tu awali mjini Turin. Alifika Kenya mapema 1915.

Wamisionari wa Consolata walikuwa wametangulia kufika nchi ya Agikuyu mwaka wa 1902, wakapokelewa na Chifu Karuri wa Gakure kule Tuthu. Waliwakuta watu wanaomwabudu Mungu mmoja. Badala ya kuleta jina geni, makanisa yalilikubali jina la Ngai, likaingia katika sala na katika Biblia ya Kikikuyu.

Uamuzi huo ulikuwa na uzito wake. Katika kitabu chake cha mwaka wa 1938 kuhusu mila za Agikuyu, Jomo Kenyatta alieleza kwamba Ngai hakusumbuliwa ovyo. Aliombwa hasa katika nyakati nne kuu za maisha, ambazo ni kuzaliwa, kutahiriwa, kuoa na kufa, na aliyeomba hakuomba peke yake bali pamoja na jamaa yake.

Wakristo, kwa upande wao, walifundisha kwamba kila mtu aweza kumwita Mungu Baba asubuhi na jioni. Je, jina linalotajwa kila siku halitapoteza utukufu wake? Sala ya Baba Yetu yenyewe inalijibu swali hilo, kwani ombi lake la kwanza si chakula wala msamaha, bali kwamba jina la Mungu litukuzwe. Anayesali hupewa ruhusa ya kukaribia, na papo hapo hukumbushwa anamkaribia nani.

Sista Irene alilipata funzo hilo mahali pa kutisha. Vita Vikuu vya Kwanza vilipopamba moto, maelfu ya Waafrika waliandikishwa, wengi wao kwa nguvu, kuwabebea Waingereza mizigo. Kumbukumbu rasmi zilitaja zaidi ya wapagazi 40,000 waliofariki, wengi kwa magonjwa na njaa wala si kwa risasi. Mitaa ya Kariokor jijini Nairobi na Kariakoo jijini Dar es Salaam ingali inabeba jina la kikosi chao.

Kuanzia 1916 hadi 1919 mtawa huyo aliwauguza wapagazi katika hospitali za kijeshi huko Voi, Kilwa, Lindi na Dar es Salaam. Wagonjwa walilala wamesongamana, na mara nyingi wafu waliondolewa bila hata mtu kujua waliitwa nani.

Hapo ndipo heshima yake kwa jina takatifu ilipodhihirika. Aliwaosha vidonda, akawalisha na kuwafundisha kwa maneno machache. Waliokubali, naye akiona kifo kimekaribia, aliwamwagia maji akilitaja jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Inasimuliwa kwamba kule ufuoni aliwahi kupekua maiti zilizotupwa ili kumtafuta mgonjwa aliyedhaniwa amekufa, akamkuta angali hai.

Mtu ambaye jeshi lilimhesabu kwa nambari alipewa jina, tena kwa jina la Mungu. Kwake yeye, kumtukuza Mungu kwa ulimi huku mwanadamu akitupwa kama takataka kungekuwa sawa na kulitaja jina hilo bure.

Mwaka wa 1920 alipelekwa Gikondi, Mukurwe-ini, alikofundisha shule na kuzuru vijiji. Alipanda na kushuka milima akiwa amevaa viatu vizito, rozari mkononi, akiwaandikia barua wasiojua kusoma waliokuwa na watoto wao mbali.

Mnamo Oktoba 1930 tauni ilimpata mwalimu mmoja ambaye, inasimuliwa, alikuwa amempinga na kutaka kushika nafasi yake shuleni. Sista Irene alimuuguza bila kinyongo hadi akafariki. Naye aliambukizwa, akafa Oktoba 31, 1930, akiwa na umri wa miaka 39. Alizikwa Mathari, Nyeri.

Mnamo Mei 23, 2015, umati mkubwa ulifurika katika uwanja wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, Nyeri, alipotangazwa Mwenye Heri katika ibada iliyoongozwa na Kadinali Polycarp Pengo wa Dar es Salaam. Muujiza uliokubaliwa na Kanisa ulitokea Nipepe, Msumbiji, mwaka wa 1989. Watu waliojificha kanisani wakati wa vita walimwomba awasaidie, na maji machache ya kisima cha ubatizo yakawatosha kwa siku kadhaa.

Padri Allamano naye alitangazwa Mtakatifu mnamo Oktoba 20, 2024.

Kila Oktoba 31 waumini humkumbuka Nyaatha. Wazee wa kale waliliheshimu jina la Ngai kwa kutolitaja ovyo. Yeye alilitaja kila siku, lakini akahakikisha kwamba kila alipolitamka, mikono yake ilikuwa ikimhudumia mtu.