Alan Blumlein: Mhandisi aliyezifunza spika kugawana sauti

KATIKA mitaa mingi nchini Kenya, kuanzia Tuwan mjini Kitale hadi viungani mwa mji wa Bungoma, si ajabu kukuta sebule iliyozungushiwa spika tano, pamoja na ile kubwa ya besi ambayo wengi huiita wufa. Aghalabu mwenye nyumba huzipandisha zote hadi kikomo, kisha akalalamika kwamba maneno ya waigizaji hayasikiki ilhali milio ya risasi inatikisa mabati. Kanuni inayoweza kumwondolea kero hiyo ilifafanuliwa mwaka wa 1931 na mhandisi Mwingereza, Alan Dower Blumlein, ambaye hakuishi kuona matunda ya kazi yake.

Blumlein alizaliwa jijini London mnamo Juni 29, 1903. Babake alikuwa mhandisi mwenye asili ya Ujerumani, naye mamake alikuwa binti wa mmishonari aliyehudumu Afrika Kusini. Inasimuliwa kwamba kusoma kulimlemea sana utotoni, lakini hesabu na umeme vilimkaa akilini bila taabu. Alihitimu katika chuo cha City and Guilds mwaka wa 1923, akafanya kazi kwenye nyanja ya simu, kisha mwaka wa 1929 akaajiriwa na kampuni ya santuri ya Columbia. Miaka miwili baadaye kampuni hiyo iliungana na nyingine na kuzaa EMI.

Wakati huo filamu zenye sauti zilikuwa bado jambo geni, na sauti yote ilitoka mahali pamoja. Yasemekana kwamba Blumlein alipokwenda kutazama sinema na mchumba wake Doreen, alikerwa kumwona mwigizaji akitembea upande mmoja wa pazia huku sauti yake ikibaki upande mwingine. Alimwambia mwenzake kwamba alikuwa na njia ya kuifanya sauti imfuate mtu.

Njia hiyo ilitokana na jinsi mwanadamu anavyosikia. Sauti inayotoka kushoto hulifikia sikio la kushoto mapema kidogo na kwa nguvu zaidi, na ubongo hutumia tofauti hiyo kutambua inakotoka. Blumlein alionyesha kwamba spika mbili zikitoa sauti ile ile kwa viwango tofauti, msikilizaji aliyeketi katikati hudhani kwamba sauti inatoka mahali fulani baina yake. Mathalani, mlio wa litungu ukiwa na nguvu zaidi katika spika ya kushoto, mpigaji ataonekana kukaa kushoto. Viwango vikilingana, ataonekana kukaa katikati kabisa, mahali pasipo na spika yoyote.

Hapo ndipo umuhimu wa kusawazisha spika za nyumbani unapojitokeza. Kinachohesabiwa ni sauti inayomfikia msikilizaji kitini pake, wala si namba inayoonyeshwa na rimoti. Mahali pa wazi, umbali ukiongezeka maradufu, kiwango cha sauti hushuka kwa takriban desibeli 6. Ndani ya nyumba hushuka kidogo kuliko hapo kwa kuwa kuta huirudisha. Kwa hivyo, spika iliyo karibu na kiti hupunguzwa na iliyo mbali huongezwa. Mlio mmoja wa majaribio huchezwa katika kila spika kwa zamu, hadi zote zisikike sawasawa kutoka kitini. Spika ya katikati, ambayo hubeba sehemu kubwa ya mazungumzo, haifai kumezwa na zile za pembeni. Zile za nyuma nazo zikizidi, humvuta msikilizaji kutoka kwenye picha anayoitazama.

Mnamo Desemba 14, 1931, Blumlein aliwasilisha ombi la hataza iliyokuja kupewa nambari 394,325. Ndani yake alieleza jinsi ya kupanga vipaza sauti wakati wa kurekodi na jinsi ya kuchora pande mbili za sauti katika mfereji mmoja wa santuri. Mnamo Januari 1934 mitambo yake ilirekodi okestra iliyoongozwa na Thomas Beecham katika studio za Abbey Road, na mwaka wa 1935 ikanasa mlio wa garimoshi zikipita kituo cha Hayes.

Hata hivyo, uvumbuzi huo uliwekwa kando. Uchumi ulikuwa umedorora, na EMI iliona faida zaidi katika televisheni. Blumlein alihamishiwa huko, akawa miongoni mwa waliounda mfumo wa mistari 405 ambao shirika la BBC lilianza kuutumia Novemba 1936.

Vita Vikuu vya Pili vilipozuka, aligeukia rada. Mnamo Juni 7, 1942, alipanda ndege aina ya Halifax iliyokuwa ikifanyia majaribio rada ya siri ya H2S, iliyokusudiwa kuwasaidia marubani kuona ardhi gizani na kupitia mawingu. Injini moja ilishika moto na ndege ikaanguka karibu na Welsh Bicknor. Watu wote 11 waliokuwemo waliangamia. Uchunguzi ulibaini kwamba chanzo kilikuwa nati moja ndani ya injini ambayo haikukazwa vyema.

Blumlein alikuwa na umri wa miaka 38, akiwa na hataza 128 kwa jina lake. Aliacha mjane na wana wawili wa kiume. Kwa kuwa rada hiyo ilikuwa siri ya vita, kifo chake hakikutangazwa wazi wakati huo, na sifa alizostahili zikazikwa pamoja naye kwa miaka mingi.

Santuri za stirio zilipoanza kuenea madukani mwaka wa 1958, zilichorwa kwa njia aliyoieleza miaka 27 awali. Hataza yake ilikuwa imekwisha muda. Mnamo 2015 bamba la kumbukumbu liliwekwa Abbey Road kwa heshima yake, na mwaka wa 2017 akatunukiwa tuzo ya Grammy ya ufundi, miaka 75 baada ya kifo chake.