Jean Mermoz, Rubani wa Barua

Neno rubani lilikuwa la baharini kabla halijapaa angani. Watu wa pwani walimwita rubani yule ajuaye miamba na mikondo, asimamaye katika chombo na kukiongoza hata kiingie bandarini salama. Hakuajiriwa kwa ushujaa wake, bali kwa kuijua njia. Na mwenye chombo alimlipa kwa kuwa shehena imefika. Eropleni zilipoanza kuruka, jina lile lile likapewa waziongozao. Katika habari hizi tutasoma maisha ya Mfaransa mmoja, Jean Mermoz, ambaye katika ujana wake alidhani kwamba rubani wa angani ni mtu wa kuwastaajabisha watu, akafundishwa kwa ukali kwamba sivyo.

Alizaliwa tarehe 9 Desemba, 1901, katika mji mdogo wa Aubenton, kaskazini ya Ufaransa. Wazazi wake waliachana angali mdogo, naye akalelewa na mama yake aliyekuwa muuguzi. Alikuwa kijana mpole, apendaye kuchora na kusoma mashairi, wala hakuna aliyedhani kwamba atakuja kuwa mtu wa mitambo. Mwaka 1920 aliingia jeshini, akachagua kujifunza kuongoza eropleni, na mwaka uliofuata akapata cheti chake. Akapelekwa katika nchi ya Shamu. Huko siku moja eropleni yake iliharibika jangwani, naye ikambidi kutembea kwa miguu siku kadhaa, kiu ikimkaza, kabla hajawaona watu.

Mwaka 1924 alitoka jeshini, akaenda Paris kutafuta kazi. Walakini vita vikuu vilikuwa vimekwisha, marubani walikuwa wengi, na kazi hakuna. Mermoz akashika vibarua vya kila namna, akalala mahali pabaya, na siku nyingine akalala na njaa. Katika hali hiyo ndipo alipopata barua ya kumwita Toulouse, mji ulio kusini ya Ufaransa.

Huko Toulouse palikuwa na kampuni ya Bwana Latécoère, iliyochukua barua kwa eropleni kutoka Ufaransa, kupita Hispania, hata Casablanca katika nchi ya Moroko. Msimamizi wa safari hizo alikuwa Bwana Didier Daurat, mtu wa maneno machache asiyecheka ovyo. Mermoz alimweleza kwamba amekwisha kuruka mamia ya saa jeshini. Bwana Daurat hakutikisika. Akampeleka karakana kuosha vyombo vya injini kwa mafuta, pamoja na mafundi, kama alivyowafanyia marubani wote wapya. Kwa majuma kadhaa Mermoz hakugusa usukani. Aligusa grisi tu.

Hata siku ya kujaribiwa ikafika. Mermoz akapanda juu, na kwa kuwa alikuwa na hamu ya kuonyesha ustadi wake, akafanya michezo yote aliyoijua: akaipindua eropleni, akaizungusha, akaishusha kwa kasi na kuiinua tena karibu na ardhi. Akatua akiwa na furaha nyingi, akatazama huku na huku amwone Bwana Daurat. Bwana Daurat hakuwapo tena pale alipomwacha. Alipompata, aliambiwa kwa baridi kwamba kampuni haitaki watu wa sarakasi, na kama hiyo ndiyo kazi aitakayo, akaitafute penginepo. Mermoz alikasirika, akaenda kufunga vitu vyake. Walakini kabla hajaondoka alipewa nafasi ya pili: apande polepole, azunguke kwa upana, atue sawasawa, basi. Akameza hasira yake akafanya hivyo. Akakubaliwa.

Pengine msomaji ataona kwamba Bwana Daurat alikuwa mkali mno. Lakini fikirini eropleni za siku zile zilivyokuwa. Zilikuwa za aina iitwayo Breguet 14, masalio ya vita, za mbao na nguo na madini, zenye injini moja tu. Rubani alikaa wazi, mvua na upepo vikimpiga usoni. Hapakuwa na mtu wa kumwambia hali ya mawingu yaliyo mbele. Injini ikizimika, alitua popote palipo chini yake. Kwa hiyo rubani aliyeichezea eropleni alikuwa akichezea roho yake, na tena barua za watu alizokabidhiwa. Na barua hizo zilikuwa na fedha za wafanya biashara, habari za misiba, na salamu za wana kwa mama zao. Marubani wengi wa kampuni ile walikufa kazini, na Bwana Daurat aliwajua wote.

Mermoz akajifunza njia ya Hispania, milima yake na pepo zake, na mwaka 1926 akapewa sehemu mbaya kuliko zote, kutoka Casablanca mpaka Dakar, kupita ukingo wa jangwa la Sahara. Marubani walizoea kuruka wawili wawili, ili mmoja akianguka mwenziwe apate kumsaidia. Na mara nyingi walichukua mkalimani, maana watu wa kabila za jangwani walikuwa hawajakubali kutawaliwa na Wazungu, na rubani aliyetua kwao aliweza kuuawa au kufungwa. Mwaka ule ule Mermoz alipatwa na jambo hilo. Alishikwa, akachukuliwa mateka, na kampuni ikamkomboa kwa fedha. Baadaye akarudi kuruka njia ile ile.

Mwishoni mwa mwaka 1927 alipelekwa Amerika ya Kusini, ambako kampuni ilitaka kupeleka barua kati ya Brazil na Argentina, na mbele yake mpaka Chile. Hapo likazuka shauri gumu. Meli na gari la moshi huenda usiku na mchana. Eropleni ilikwenda mchana tu. Basi faida yote iliyopatikana mchana ilipotea usiku, rubani alipolala na barua zake zikilala. Mermoz akaona kwamba hakuna dawa ila kuruka usiku, jambo ambalo wengi walilihesabu kuwa wazimu. Mwezi wa Aprili, 1928, aliruka usiku kati ya Rio de Janeiro na Buenos Aires, pasipo taa njiani, akiangalia dira na mstari mweupe wa mawimbi ufuoni. Katika viwanja watu waliwasha mioto ya petroli kumwonyesha pa kutua. Alipokwisha kuithibitisha njia, ndipo wenziwe walipomfuata.

Kisha ikabaki milima ya Andes, iliyosimama kama ukuta kati ya Argentina na Chile. Vilele vyake vinapita futi 20,000, na eropleni yake haikuweza kupanda juu kama hivyo. Ilimpasa kutafuta nafasi ya kupenya katikati. Mwezi wa Machi, 1929, Mermoz na fundi wake, Alexandre Collenot, walishikwa na upepo ushukao kwa nguvu, ukawabwaga juu ya uwanda mdogo wa mawe, futi 13,000 hivi juu ya bahari, wenye korongo pande zote. Magurudumu na mkia viliumia, na usiku baridi ikapasua mabomba ya maji ya injini.

Hapa inafaa tumtazame yule fundi, maana majina ya marubani hukumbukwa, na majina ya mafundi husahauliwa upesi. Kwa siku kadhaa, pasipo chakula cha kutosha, akipumua kwa taabu kwa ajili ya hewa nyepesi, Collenot alifunga na kuziba kwa waya, vipande vya ngozi na vitambaa, kila kilichopatikana. Mermoz akapima ardhi kwa miguu yake. Akaona kwamba uwanda hautoshi kupatia mwendo, lakini chini yake kuna vidato vya mwamba, kimoja chini ya kingine. Walitupa kila kitu kizito kisichohitajiwa, wakaisukuma eropleni mpaka juu ya mteremko. Kisha wakapanda, ikaenda mbio, ikaanguka ukingoni, ikagonga kidato, ikaruka, ikagonga tena, mpaka mwendo ukatosha na mabawa yakashika hewa. Wakafika Chile, maji yakivuja njia nzima. Inasemekana watu hawakusadiki mpaka walipokwenda na kukuta mabaki ya vyombo mlimani.

Lakini bado palikuwa na pengo kubwa katika njia. Barua zilikwenda kwa eropleni kutoka Toulouse hata Dakar, kisha zikapakiwa katika meli kuvuka Bahari ya Atlantiki siku kadhaa, kisha zikapanda eropleni tena. Tarehe 12 Mei, 1930, Mermoz aliondoka Saint-Louis katika Senegal, kwa eropleni yenye maboya badala ya magurudumu, akiwa na wenzi wawili: Jean Dabry aliyeshika dira na ramani, na Léopold Gimié wa simu ya upepo. Mzigo wao ulikuwa barua, zaidi ya ratili 250. Katikati ya bahari waliingia mahali ambapo mawingu meusi hukutana na maji, mvua ikimwagika na joto likiwabana, na nguzo za maji zilizoinuliwa na tufani zikisimama mbele yao katika giza. Mermoz akapita katikati yake chini chini, karibu na mawimbi. Baada ya saa 21 hivi, na maili karibu 2,000, walitua Natal katika Brazil. Hizo ndizo barua za kwanza za kampuni ile kuvuka bahari ile kwa eropleni.

Sifa zikawa nyingi, lakini mwezi wa Julai, walipokuwa wakirudi, mafuta yalivuja na injini ikaanza kufa. Mermoz akatua juu ya maji karibu na meli. Walitoa kwanza mifuko ya barua, wakaokoka wote watatu, na eropleni ikazama. Ilipita miaka mingine ya matengenezo na mashindano ya maneno, kwa kuwa kampuni ilifilisika na wakubwa hawakupatana, mpaka mwaka 1936 barua zikavuka kwa eropleni kila juma. Mwezi wa Februari mwaka ule Collenot akapotea baharini katika mojawapo ya safari hizo, na kifo hicho kilimhuzunisha Mermoz sana.

Tarehe 7 Desemba, 1936, kabla ya jua kutoka, Mermoz aliondoka Dakar na wenzi wanne katika eropleni kubwa ya injini nne, iliyoitwa Croix-du-Sud. Alikuwa amekwisha kuvuka bahari ile zaidi ya mara 20. Muda si mwingi akaona kwamba panga la injini moja ya nyuma haliendi sawasawa. Akageuka, akarudi Dakar. Hakuona haya kurudi, na yule kijana wa Toulouse pengine angaliona. Mafundi wakalitazama panga wakalitengeneza. Eropleni nyingine haikuwa tayari, na mifuko ya barua ilikuwa ikingoja. Yapata saa moja asubuhi akaondoka mara ya pili.

Wako waliosema kwamba ilimpasa kungoja, na wako waliosema kwamba fundi akisema tayari, rubani huondoka. Mimi naona ni vigumu kumhukumu mtu aliyekuwa amekwisha kurudi mara moja asubuhi ile.

Saa nne na dakika 47 simu ya upepo ya Dakar ilipokea habari fupi kutoka kwake, kwamba wanaizima injini ya nyuma ya upande wa kulia. Baada ya hapo haikusikika sauti tena. Wakawaita mchana kutwa. Meli na eropleni zilitafuta siku nyingi, wala hazikuona mtu, wala mfuko wa barua. Zilikuwa zimebaki siku mbili Mermoz atimize miaka 35. Barua nyingine zilikuwa zimekwisha anza kukusanywa Toulouse kwa safari iliyofuata, na wenziwe wakazivusha.