Frank Hornby

Frank Hornby (Liverpool, 15 Mei 1863 – 21 Septemba 1936) alikuwa mvumbuzi, mwenye kiwanda na mwanasiasa wa Uingereza. Anajulikana hasa kwa kubuni vifaa vya kuchezea vya Meccano na kwa treni za mfano zinazoitwa kwa jina lake hadi leo. Hakusomea uhandisi, lakini kazi yake iliwazoesha watoto na watu wazima wengi kujenga mashine na reli ndogo nyumbani. Treni za kuendeshwa juu ya meza, ambazo ndizo wengi huzikumbuka wakisikia jina la Hornby, zilitolewa na kampuni yake miaka miwili baada ya yeye kufariki.

Maisha ya awali

Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa vyakula mjini Liverpool. Frank hakupenda shule. Aliiacha akiwa na umri wa miaka 16, akaanza kazi ya kutunza fedha katika biashara ya baba yake. Mwaka 1887 alimwoa Clara Walker Godefroy, aliyekuwa mwalimu, wakapata wana wawili na binti mmoja. Baba yake alipofariki mwaka 1899 biashara ilifungwa, na Frank akaajiriwa kama karani wa hesabu na David Hugh Elliott, mwagizaji wa nyama.

Meccano

Jioni Hornby aliwatengenezea wanawe vitu vya kuchezea kwa vipande vya bati, kama vile madaraja na winchi za kuinulia mizigo. Kila kitu kipya kilihitaji vipande vipya, na kazi ya kuvikata ilikuwa kubwa. Ndipo alipopata wazo la kutoboa vipande vyote matundu yenye nafasi sawa, ya nusu inchi, ili viungwe kwa nati na bolti, kisha vifunguliwe na kutumika tena kwa kitu kingine. Winchi ya leo iliweza kuwa daraja la kesho.

Mwaka 1901 alipata hataza ya uvumbuzi huo, baada ya kukopeshwa pauni 5 na mwajiri wake. Elliott alimpa pia nafasi ya kufanyia kazi, akawa mshirika wake. Mwaka 1907 jina la Meccano liliandikishwa, na mwaka uliofuata kampuni ikaundwa. Kuanzia mwaka 1914 kiwanda kikuu kilikuwa katika barabara ya Binns Road, Liverpool. Mwaka 1916 Hornby alianzisha gazeti la Meccano Magazine.

Meccano iliuzwa katika masanduku yaliyopewa namba. Mtoto aliyekuwa na sanduku dogo aliweza kununua nyongeza na kulifanya sawa na sanduku la namba ya juu. Kwa hiyo kila ununuzi ulikuwa mwanzo wa ununuzi mwingine.

Treni za Hornby

Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia treni nyingi za kuchezea zilitoka Ujerumani. Mwaka 1920 Hornby alianza kuuza za kwake. Zilipita kwenye reli yenye upana wa milimita 32 na ziliendeshwa kwa springi iliyokazwa kwa ufunguo, kama saa za zamani. Treni za kwanza ziliungwa kwa nati na bolti, hivyo mwenyewe aliweza kuzifungua na kubadilisha kipuri kilichoharibika. Treni ya umeme ilifuata mwaka 1925.

Mbinu ya Meccano ilihamia kwenye reli. Aliyenunua injini na duara la reli alitamani njia panda, kisha stesheni, ishara na mabehewa zaidi. Mwaka 1928 kampuni ilianzisha chama cha watoto wenye treni hizo. Hata magari madogo ya Dinky Toys, yaliyopewa jina hilo mwaka 1934, yalianza kama vitu vya kupamba mandhari ya reli.

Hornby alikuwa mbunge wa eneo la Everton kwa chama cha Conservative kuanzia mwaka 1931 hadi 1935. Alifariki mwaka 1936 akiwa tajiri, akazikwa Maghull, kaskazini ya Liverpool.

Treni kuzidi kuwa ndogo

Tatizo la reli ya milimita 32 lilikuwa nafasi. Ilienea sakafu nzima ya chumba, na jioni ilibidi kuikunja yote. Mwaka 1922 kampuni ya Bing ya Nürnberg ilikuwa imetengeneza treni ya mezani yenye upana wa karibu nusu ya ule, iliyouzwa Uingereza na Bassett-Lowke. Kampuni ya Hornby ilifuata mwaka 1938 kwa treni za Hornby Dublo, zenye reli ya milimita 16.5. Upana ukipungua kwa nusu, reli ile ile huhitaji robo tu ya eneo. Hivyo mtu mwenye chumba kimoja aliweza kuwa na stesheni, daraja na milima juu ya meza, akaiacha hapo na kuiongezea kidogo kidogo kwa miaka mingi.

Wengine walipunguza zaidi. Katika miaka ya 1960 kampuni ya Arnold ya Nürnberg ilieneza reli ya milimita 9, na mwaka 1972 Märklin ilitoa reli ya milimita 6.5, yenye uwiano wa 1:220. Kwa uwiano huo behewa lenye urefu wa mita 20 huwa na sentimita 9 tu, na reli ya SGR ya Tanzania, yenye upana wa milimita 1,435, huwa karibu milimita 6.5. Anayetaka kuunda upya reli ya mita moja iliyotoka Mtwara hadi Nachingwea, ambayo iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960, atahitaji njia ya milimita 4.5.

Urithi

Kampuni ya Meccano ilinunuliwa na Lines Bros mwaka 1964, na kiwanda cha Binns Road kilifungwa mwaka 1979. Jina la Hornby lilibaki kwenye treni. Mwaka 2004 kampuni yenye jina hilo ilinunua chapa ya Arnold, na mwaka 2022 ikatoa treni mpya za reli ya milimita 12. Mpangilio wa mauzo bado ni ule wa masanduku ya Meccano: mnunuzi huanza na seti ndogo, kisha huongeza kipande kimoja kimoja.