Fadhili William na Wimbo wa Dunia Nzima

Huku Embu, kila msimu wa tamasha la muziki la shule unapokaribia, wanafunzi wangu huniuliza kama mtu aweza kuishi kwa kuimba. Wazazi wao wamekwisha kuwajibu kuwa hawezi. Mimi huwasimulia maisha ya marehemu Fadhili William, wala siwaambii mapema kama ni mfano wa kufuatwa ama wa kuhofiwa.

Fadhili alizaliwa mwaka 1938 katika nchi ya Wataita. Alikuwa angali kijana alipojiunga na bendi ya Jambo Boys, na yapata mwaka 1960 akarekodi nayo Malaika, wimbo wa kijana mwenye mapenzi lakini asiye na mahari. Baadaye akaongoza Equator Sound Band, bendi ya studio ya Charles Worrod jijini Nairobi. Humo alikuwa pamoja na mafundi wa kweli: Daudi Kabaka, Gabriel Omolo, na Wazambia Nashil Pichen na Peter Tsotsi.

Naomba studio ile itazamwe vizuri. Mitambo ilikuwa ya kampuni, na kampuni ndiyo iliyotoa santuri na kuziuza. Mwanamuziki alikuja na sauti yake na gitaa lake. Siudharau mpango huo, maana bila ya huo huenda leo tusingezisikia sauti za wakati ule. Lakini santuri moja hubeba haki mbili: ya aliyetunga maneno na tuni, na ya aliyegharamia kurekodi. Anayeimba upya wimbo wa mwenzake hana deni kwa mwenye rekodi ya kwanza. Deni lake ni kwa mtunzi.

Na Malaika uliimbwa upya! Miriam Makeba aliuimba na Harry Belafonte katika albamu ya mwaka 1965, ambayo mwaka uliofuata ilipata tuzo ya Grammy. Boney M, kundi lililoundwa Ujerumani, waliutoa mwaka 1981. Angélique Kidjo wa Benin naye akaurekodi. Fedha zote hizo zilining'inia kwenye swali moja tu: mtunzi ni nani?

Fadhili alishikilia kuwa ni yeye, na santuri nyingi zimechapwa jina lake. Hata hivyo Adam Salim alidai kuutunga katika miaka ya 1940, na wako wanaomtaja Lucas Tututu. Mimi si hakimu. Naona tu kwamba wimbo ulitembea midomoni mwa watu kabla ya kutembea katika karatasi. Sheria ya hakimiliki iliyotungwa na Bunge la Kenya ilikuja mwaka 1966, na chama cha kukusanya mirabaha ya wanamuziki kikaanzishwa mwaka 1983, wakati Malaika umekwisha kuzunguka dunia. Fadhili aliishi Marekani miaka mingi, akafariki huko New Jersey mwezi Februari 2001, na mzozo haujaisha.

Kwa hiyo wanafunzi wangu, wawe wanaimba kwa Kimeru, Kiembu au Kiswahili, huwataka waandike kabla ya kuingia studio: maneno ya nani, tuni ya nani, gitaa la nani, tarehe gani, na kila mmoja atapata fungu gani. Kisha wasajili kazi yao katika Bodi ya Hakimiliki. Mmoja alinicheka, akisema wao ni marafiki tu. Nikamuuliza kama anadhani Jambo Boys walikuwa maadui.

Sheria ya Kenya huilinda kazi kwa miaka 50 baada ya mwaka wa kifo cha mtunzi. Ikiwa mtunzi ni Fadhili, Malaika una wenyewe hadi mwisho wa mwaka 2051, na matatu ya Embu kwenda Meru inayoupiga ina deni kwa warithi wake. Ikiwa ni mwingine, hesabu ni nyingine, na warithi ni wengine.